Reli ya Tunduma na Mlango wa Ufundi

Leo nataka kuwaelezeni habari za reli ipitayo Tunduma, na hasa habari za watu walioifanyia kazi. Nina swali moja: Je, mtu aliyenyimwa kazi za mashine tangu zamani huzipataje?

Katika Afrika ya Mashariki ya wakoloni, kazi ilikuwa na rangi. Reli ya Uganda ilipojengwa kutoka Mombasa, tangu mwaka 1896 hata 1901, serikali ya Kiingereza ilileta Wahindi zaidi ya 30,000. Reli zilipoanza kuendeshwa, ngazi ikawa hii: juu Mzungu, injinia na mkuu wa kazi, katikati Mhindi, karani, fundi au mkuu wa stesheni, chini Mwafrika, mchukuzi na mtengeneza njia. Mwaka 1948 Tume ya Holmes ilishauri kwamba mtumishi wa serikali asiye Mzungu, hata akiwa na elimu ile ile na kazi ile ile, alipwe sehemu tatu kwa tano za mshahara wa Mzungu. Tume ya Lidbury ndiyo iliyoshauri, mwaka 1954, kwamba desturi hiyo iachwe.

Vijana wa Unyamwanga na Unyiha waliovuka mpaka kwenda kwenye migodi ya shaba ya Rhodesia ya Kaskazini, ambayo sasa ni Zambia, walikuta mambo hayo hayo. Kazi za ustadi zililindwa na chama cha wafanyakazi wa Kizungu, na baadhi yake tu zikafunguliwa kwa Waafrika kwa mapatano ya mwaka 1955.

Walikuwapo watu walionena kwamba Mwafrika hawezi mashine. Lakini asiyeonyeshwa atajuaje? Mwalimu Nyerere alisimulia baadaye kwamba Tanganyika ilipopata uhuru, mwaka 1961, ilikuwa na mainjinia wawili tu. Hata mwajiri mwenye haki angewatoa wapi mafundi, hali hawakufundishwa?

Basi mwaka 1967 Tanzania, Zambia na China zilipatana kujenga reli. Kazi ilianza mwezi wa Oktoba 1970, na njia ikafika Tunduma mwaka 1973. Urefu wake, toka Dar es Salaam hata Kapiri Mposhi, ni kilometa 1,860, nayo ilikabidhiwa mwezi wa Julai 1976.

Pamoja na ujenzi yakaja mafunzo. Wachina na vijana wetu hawakuwa na lugha moja. Kwa hiyo fundi alishika chombo akafanya, kijana akitazama, kisha kijana akafanya, fundi akitazama. Ndivyo wengi walivyojifunza kupasua miamba, kumimina saruji na kutandika reli. Tena mwaka 1972 vijana wapatao 200 wa Tanzania na Zambia walipelekwa Beijing kusomea kazi za reli, na wengi wao wakahitimu mwaka 1975, kabla njia haijakabidhiwa. Chuo kikawekwa Mpika, huko Zambia, na karakana kubwa zikawa Mpika na Dar es Salaam.

Sisemi kwamba yote yalikwenda vema. Injini ziliharibika, vipuri vikakosekana, na wataalamu wa Kichina wakaendelea kushauri miaka mingi. Hata hivyo, gari la moshi liliposimama Vwawa au Tunduma, dereva wake alikuwa mtoto wa nchi hizi.

Siku hizi mashine inayotawala kazi ni kompyuta. Kituo cha pamoja cha mpakani Tunduma kilifunguliwa mwaka 2019, na hati za mizigo hupita katika kompyuta. Huko Marekani nako, makampuni makubwa ya kompyuta yalianza mwaka 2014 kutangaza hesabu za watumishi wao, ikaonekana kwamba watu weusi ni wachache mno katika kazi za ufundi. Mara nyingi udhuru ni ule ule wa zamani: tumetafuta, hatukuwaona.

Reli yetu yatupa jibu. Ajuaye kwamba atahitaji mafundi mwakani, na aanze kufundisha leo. Atakayesema hakuwaona Waafrika wenye ujuzi, aulizwe kwa upole: umewafundisha wangapi? Nanyi vijana wa Tunduma, mlango ukifunguliwa hata kidogo, ingieni mkajifunze, kwa maana fundi hazaliwi, hufundishwa.