Vazi la Kijidudu

Msomaji kijana, tumboni mwako mmejaa vijidudu visivyo na hesabu, navyo hukaa nawe kwa amani. Kwa nini basi kimoja, kiletacho homa ya matumbo, kikiingia pamoja na kipande cha tunda au bilauri ya maji huko Kibera au Kawangware, humlaza mtu majuma matatu na pengine kumwua?

Kibera ni neno la Wanubi, maana yake msitu. Askari wa Kisudani wa King's African Rifles walipewa makao humo mwanzoni mwa karne ya 20. Msitu umekwisha; zimebaki nyumba zilizobanana, na mabomba ya maji yapitayo katika mitaro ya maji machafu. Kati ya mwaka 2007 na 2009 watafiti wa KEMRI na wenzao wa Marekani walichunguza damu za wagonjwa wa Kibera, wakakuta homa hiyo kwa watu 247 hivi katika kila 100,000 kwa mwaka. Huko Lwak, mashambani Nyanza, walikuwa 29 tu. Walioshikwa zaidi walikuwa watoto.

Mjerumani Eberth alikiona kijidudu hicho mwaka 1880, lakini ukali wake ulieleweka polepole. Kina kitu mfano wa sindano, ambacho kwacho huzichoma chembe za utumbo zikakifungulia mlango. Kisha huingia ndani ya chembe zile zile zilizowekwa kuulinda mwili, kikakaa humo kama mwizi aliyejificha nyumbani kwa askari. Mwaka 1934 Felix na Pitt wa London waligundua kwamba kina na vazi, wakaliita Vi. Vazi hilo hukificha kisitambuliwe na walinzi wa damu. Baadhi ya waliopona hukihifadhi katika nyongo miaka mingi pasipo kuumwa. Mpishi wa namna hiyo hana hatia, lakini mikono yake isiyooshwa kwa sabuni hukirudisha chakulani.

Na dawa je? Mwaka 1948 kloramfeniko iliwaponya wagonjwa huko Kuala Lumpur, ikawa tegemeo la maskini. Tafadhali usichanganye ukali na usugu: ukali humdhuru mgonjwa, usugu huishinda dawa. Ukoo mmoja wa kijidudu hiki, uitwao H58, ulitoka Asia ya Kusini ukafika Afrika ya Mashariki ukiwa na vyote viwili. Mwanzoni mwa karne hii wagonjwa wengi wa Nairobi walikuwa na vijidudu visivyouawa na kloramfeniko, ampisilini wala kotrimoksazoli.

Mwezi wa Julai 2025 Kenya ilianza kuwachanja watoto wa miezi 9 hadi miaka 14. Chanjo hiyo imetengenezwa kwa lile vazi lenyewe, Vi, lililounganishwa na protini, ili mwili wa mtoto ujifunze kumtambua mwizi kwa nguo yake.