Walioingia kwa Mlango wa Nyuma
Viongozi wengi wa mwanzo wa tathmini ya miradi hawakuisomea kazi hiyo. Mwaka 1999, Mahesh Patel wa UNICEF aliwakusanya watathmini jijini Nairobi, na Chama cha Tathmini cha Afrika kikazaliwa. Baadaye usukani ukashikwa na Zenda Ofir wa Afrika Kusini, ambaye shahada yake ya uzamivu, amini usiamini, ni ya kemia.

Marekani nako mambo yalikuwa hayo hayo. Eleanor Chelimsky, rais wa chama cha huko mwaka 1995, alianzia NATO akiwa mchumi.

Wa kuvutia zaidi ni Michael Quinn Patton, rais wa 1988. Mwanasosholojia huyu aliwahi kujitolea miongoni mwa wakulima wa Burkina Faso. Kitabu chake cha 1978 kinashikilia kwamba tathmini hupimwa kwa matumizi yake, na hapo hakukosea.