Watawa wa Jangwa la Misri na Wageni Wao

Katika majira ya baridi ya mwaka 394 kuingia 395, wanaume saba wa monasteri moja ya Mlima wa Mizeituni, Jerusalemu, walifunga safari kwenda Misri. Hawakuwa wafanyabiashara wala wajumbe wa mfalme. Walikuwa watawa waliotaka kuwaona kwa macho yao watawa wenzao ambao habari zao zilikwisha kuvuka bahari: watu walioacha mashamba na jamaa zao wakaenda kukaa jangwani, kila mmoja na kibanda chake, mkate mkavu wake na sala zake. Mmoja wa hao saba, ambaye jina lake halikuhifadhiwa, aliiandika safari hiyo kwa Kiyunani, na baadaye Rufinus wa Aquileia akakitia kitabu chake katika Kilatini.

Msafiri huyo hakuficha taabu zao. Mara moja walitembea siku tano, usiku na mchana, wakakaribia kufa kwa njaa na kiu. Mara nyingine walizama katika matope hadi kiunoni. Karibu na bahari walifukuzwa na wanyang'anyi. Mtoni chombo chao kilitaka kupinduka, na katika ziwa Mareotis tufani iliwatupa kisiwani. Palikuwa pia na mamba watatu ukingoni, waliodhaniwa kuwa wamekufa mpaka wasafiri walipowasogelea kuwatazama. Sisi watu wa visiwani tunaijua namna hii ya kuhesabu misukosuko baada ya kufika salama. Ndiyo raha ya mwisho ya safari.

Lakini katika mji wa Oxyrhynchus taabu yao ilikuwa ya aina nyingine. Wenyeji waliweka watu milangoni mwa mji wamwangalie kila mgeni anayeingia, na wasafiri wetu walipotokea waligombaniwa, huyu akiwavuta huku na yule kule, hata nguo zao zikawa karibu kuraruka.

Hapa ndipo linapozuka suala ambalo, kwa maoni yangu, historia ya monasteri za Misri haieleweki bila ya kulitazama. Mtawa alikwenda jangwani kuwakimbia watu. Watu wakamfuata. Je, awafanyeje?

Wako waliokataa katakata. Arsenio, aliyeacha makuu ya jumba la kifalme la Konstantinopoli, alijiwa na bibi mmoja tajiri aliyetoka Roma kwa ajili yake tu. Alimkaripia kwa kuthubutu safari ndefu kama ile, akasema kwamba akirudi kwao ataigeuza bahari kuwa barabara ya wanawake wanaokuja kumtazama. Bibi alipomwomba amkumbuke, alimjibu kuwa atamwomba Mungu amfutie kumbukumbu yake moyoni. Maskini alirudi Iskandaria akaugua kwa huzuni, ikambidi askofu mkuu Theofilo amfariji. Simlaumu bibi huyo kwa kuugua.

Musa Mhabeshi alikuwa na njia yake. Huyu alikuwa mtu mweusi, mrefu wa kimo, aliyekuwa jambazi kabla ya kutubu na kuingia jangwa la Sketis, ambalo leo huitwa Wadi al-Natrun. Siku moja alisikia kwamba mtawala fulani anakuja kumwona, akaondoka kukimbilia kwenye vinamasi. Njiani akakutana na msafara wenyewe. Walipomwuliza kilipo kibanda cha Musa, aliwajibu: mnamtakia nini mtu yule, naye ni mpumbavu? Msafara ulipofika kanisani na kueleza sura ya mzee waliyekutana naye, ndipo mapadri walipowaambia kuwa huyo alikuwa Musa mwenyewe. Walakini Musa huyohuyo, ilipotolewa amri ya kufunga wiki nzima, alipata wageni akawapikia. Jirani zake waliuona moshi wakamshitaki kwa wazee. Wazee, waliomjua vyema, wakamsifu mbele ya watu kwa kuvunja amri ya binadamu ili kuishika ya Mungu.

Mpango uliokamilika zaidi ulikuwa Nitria, kusini mwa Iskandaria. Palladius, aliyekaa huko kabla ya kuandika kitabu chake mnamo mwaka 420, anasema watawa walifikia 5,000 na waliokiwa mikate na matanuri saba. Kando ya kanisa palikuwa na nyumba ya wageni, na mgeni aliweza kukaa humo hata miaka miwili au mitatu akitaka. Wiki ya kwanza aliachwa apumzike. Baada ya hapo alitiwa kazini: bustanini, kwenye tanuri au jikoni. Akiwa mtu wa elimu alipewa kitabu asome, bila ya ruhusa ya kuzungumza na mtu kabla ya saa sita ya mchana. Na saa sita hiyo ilihesabiwa tangu kucha kwa jua, kama tunavyohesabu sisi hadi leo. Wahenga wetu waliosema mgeni siku mbili, siku ya tatu apewe jembe, wangejiona kwao Nitria, ila tu wangeshangaa kwa ukarimu wa siku tano za ziada.

Ua wa kanisa hilo ulikuwa na mitende mitatu, na kila mtende umetundikwa mjeledi. Mmoja ulikuwa wa mtawa mkosaji, wa pili wa mnyang'anyi, na wa tatu wa mgeni aliyefanya kosa. Naona picha hii inasema mengi kuliko kurasa nyingi za wasifu. Watawa wale walijua kuwa njia iletayo mgeni ndiyo iletayo mwizi, na kwamba wakati mwingine huwa ni mtu mmoja.

Wezi wenyewe walikuja. Makabila ya nyikani yaliishambulia Sketis mwaka 407, na tena 434 na 444. Katika shambulio la kwanza Musa aliwaambia ndugu zake wakimbie, yeye akabaki, akauawa pamoja na wenzake saba. Masalia yake yamo katika monasteri ya Baramus, na mtu aliyejificha vinamasini asionekane ndiye leo anayeendewa na wageni. Katika karne ya 9 monasteri za Sketis zilianza kuzungushiwa kuta ndefu. Kwa Mtakatifu Antoni, upande wa Bahari ya Shamu, mgeni alipandishwa juu ya ukuta kwa kamba na kapi. Nitria haikusalimika. Kellia jirani yake, ambako tangu miaka ya 1960 wachimbuzi wametambua mabaki ya makao zaidi ya 1,500, iliachwa ikafukiwa na mchanga, na sehemu kubwa ya mabaki hayo imekwisha liwa na mashamba.

Yuko pia mgeni ambaye mjeledi haukumfika. Monasteri ya Wasiria katika Wadi al-Natrun ilikuwa na hazina ya vitabu, ambayo Musa wa Nisibis, mkuu wake, aliiongezea miswada 250 aliyokuja nayo kutoka Baghdad mwaka 932. Katika miaka ya 1830 aliingia humo Mwingereza Robert Curzon. Yeye mwenyewe ameandika, bila ya haya, jinsi alivyomnywesha pombe tamu mkuu wa monasteri, mzee kipofu, mpaka mlango wa chumba cha vitabu ukafunguliwa. Henry Tattam alifuata mwaka 1839, na sehemu kubwa ya vitabu hivyo imo London. Sisi wa pwani, ambao miswada ya tenzi zetu nayo imo katika mji huohuo, hatuhitaji kuelezwa zaidi.

Ilifika zamani monasteri hizi zikadhaniwa kuwa zinakufa. Mwaka 1969 Padri Matta al-Maskin na wafuasi wake 12 walipopelekwa Abu Makar, mojawapo ya nne zilizobaki Wadi al-Natrun, waliwakuta wazee sita. Baada ya miaka michache walizidi mia. Hali kadhalika kwingineko vijana waliosoma udaktari na uhandisi waliingia utawani, na watu wa parokia wakaanza kuwafuata kwa mabasi, watoto na bibi zao pamoja, khasa siku ya Ijumaa ambayo ni siku ya mapumziko nchini humo.

Mwanzoni mwa maisha yake ya utawa, mwaka 1948, Padri Matta aliingia monasteri ya Mtakatifu Samweli, jangwani magharibi mwa Minya. Samweli mwenyewe, katika karne ya 7, alifukuzwa Sketis baada ya kuteswa hata akapoteza jicho. Monasteri yake iliwahi kuachwa tupu, ikahuishwa mwishoni mwa karne ya 19. Ijumaa tarehe 26 Mei 2017, siku moja kabla ya mwezi wa Ramadhani kuanza Misri, watu wenye silaha walilisimamisha basi la mahujaji lililokuwa likielekea huko, wakawaua watu wasiopungua 28, wakiwamo watoto. Sheikh Mkuu wa Al-Azhar, Ahmed al-Tayeb, alililaani tendo hilo. Kundi linalojiita Dola la Kiislamu lilijinasibisha nalo.

Mahujaji hawakuacha kwenda. Ijumaa tarehe 2 Novemba 2018 magari yao yalishambuliwa tena karibu na monasteri hiyohiyo, wakafa watu saba. Wale wa mwanzo walikuwa wakienda. Hawa walikuwa wakirudi.