Ndai Imededi Kapsoit? Pima Stima Kabla Hujanunua Pampu Mpya

Msee, picha ni hii. Umetoka Kericho town saa kumi na moja jioni na ile Toyota 100 yako ya project, mvua ya mchana imetoka tu kunyesha. Ukifika Kapsoit, kwa barabara ya kwenda Kisumu, gari inakohoa mara mbili halafu inadedi. Stata inazunguka fiti, betri iko na nguvu, lakini injini haishiki. Jamaa anakuja na spana mkononi, anaskiza kidogo, anakuambia: "Bosi, pampu imeungua. Toa pesa nikuletee ingine."

Inaweza kuwa ukweli. Lakini kama hajapima kitu, hiyo ni kubet, na doh ya kubet ni yako.

Pampu ya petroli ni mota ndogo ya umeme iliyo ndani ya tenki. Ili izunguke, stima inatoka kwa betri, inapitia fyuzi, rilei na waya mrefu mpaka nyuma, halafu inarudi kwa ethi, yaani ule waya unaounganisha pampu na bodi ya gari. Kwa gari ya miaka kama 30, kila kiungo hapo kimeona mvua, ukungu na mafundi wengi. Ukibadilisha pampu na shida ilikuwa waya, gari itazima tena. Na ikizima ukishuka kuelekea Awasi, breki zinakuwa ngumu na usukani wa pawa unakuwa mzito.

Hapa tunatumia mfano wa Toyota Corolla AE100, ile iliyoanza kutengenezwa Japan 1991, yenye injini ya 5A-FE. Toyota nyingi za miaka ya tisini zina mpango kama huu. Nissan na Subaru zina soketi na rilei tofauti, lakini kupima ni kule kule. Kama ndai yako ni ya kabureta, angalia kwanza, maana nyingi za hizo pampu yake inasukumwa na injini, si stima.

Utahitaji nini

Maltimita, hata ile ya bei rahisi. Kipande cha waya. Balbu ya taa ya mbele iliyo nzima, ya wati 55. Na rafiki mmoja wa kukushikia ufunguo.

Usivute sigara, fungua madirisha, na usiguseguse waya zikitoa cheche karibu na tenki. Mvuke wa petroli hauna msalie Mtume.

Masikio yanaweza kukudanganya

Kwa Nissan na Subaru nyingi, ukiweka swichi ON pampu inalia "zzzz" sekunde chache halafu inanyamaza. Watu wamezoea hivyo. Sasa wanaenda kwa Toyota, wanaweka ON, kimya, wanasema pampu imekufa. Zii. Toyota nyingi za kizazi hiki pampu hungoja mpaka stata ianze kuzunguka. Kwa hivyo fungua kifuniko cha tenki, weka sikio hapo, rafiki apige stata. Hapo ndipo kimya kina maana.

Angalia pia spaki. Kama hakuna spaki na pampu pia haifanyi, usikimbilie tenki. Kitu kinacholisha zote mbili ndicho cha kushuku: fyuzi iliyoandikwa EFI kwa boksi la fyuzi kwa boneti, rilei kubwa ya EFI, swichi ya ufunguo, ama distributa, ambayo ndiyo inaambia kompyuta ya gari kwamba injini inazunguka.

Hatua ya 1: amsha pampu kwa nguvu

Chini ya boneti kuna kiboksi kidogo chenye kifuniko kimeandikwa DIAGNOSIS. Fungua, soma herufi zilizo ndani ya kifuniko. Tafuta +B na FP. Swichi ikiwa OFF, unganisha hizo mbili tu kwa kipande cha waya. Rudia kusoma herufi, juu ukikosea shimo unaweza kuchoma kitu cha bei. Kisha weka swichi ON, usipige stata.

Pampu ikilia, umejua mambo makubwa: mota iko hai na waya wa kwenda nyuma haujakatika. Shida iko mbele, kwa ile rilei ya pampu iliyo chini ya dashibodi ama kwa amri inayoiwasha.

Pampu isipolia, pima +B na maltimita, waya mwekundu kwa +B na mweusi kwa negativu ya betri. Kama hakuna volti 12 hapo, rudi kwa fyuzi ya EFI na rilei yake. Kama ziko, songa nyuma.

Hatua ya 2: pima pampu ikiwa kazini

Hapa ndipo wengi huteleza. Inua kiti cha nyuma upate soketi ya pampu. Fundi mwingi huichomoa, anapima, anaona volti 12, anasema, "Stima iko, pampu ndio mbaya." Lakini waya ulioliwa na kutu, umebaki nyuzi mbili, bado utaonyesha volti 12 kama hakuna mzigo. Maltimita haivuti stima ya maana. Pampu inavuta ampea kadhaa, na hapo ndipo ule waya mgonjwa hukataa.

Acha soketi ikiwa imechomekwa, ingiza ncha za maltimita kwa upande wa nyuma wa soketi, na +B na FP zikiwa bado zimeunganishwa. Linganisha na betri. Betri nzima iliyotulia ina kama volti 12.6.

- Ikiwa karibu sawa na betri, tofauti isiyozidi volti 1 hivi, na pampu kimya: sasa ndio unaweza kusema pampu imeenda.
- Ikiwa volti 7 ama 8: pampu inanyimwa chakula. Kuna kiungo kibovu njiani.
- Ikiwa sufuri: waya umekatika upande mmoja.

Kujua ni upande gani, weka ncha moja kwa waya wa ethi wa pampu na nyingine kwa chuma kisafi cha bodi. Inafaa iwe karibu sufuri. Ukiona volti 3 na kuendelea, ethi ndio mkora. Fungua bolti yake, kwangua kutu na rangi, kaza tena. Hiyo kazi inahitaji msasa tu.

Huwezi kufikia nyuma ya soketi? Zima swichi, chomoa pampu, unganisha ile balbu ya wati 55 kwa soketi na waya mrefu, uiweke nje ya gari kwa sababu inachemka. Washa swichi. Balbu hiyo inavuta kama ampea 4.5, karibu na mzigo wa pampu. Iking'aa vizuri, waya ziko poa. Ikiwaka kama mshumaa, waya ndio shida.

Hatua ya 3: tafuta "cut-out" ya mwenyewe wa zamani

Hii ni ya Kenya kabisa. Gari nyingi za zamani zimewekwa alamu, swichi ya kuficha ama tracker, na mafundi hupenda kukata waya wa pampu ndio mwizi asifike mbali. Kiungo hufungwa na selotepu, baada ya miaka kinachemka na kulegea. Fuata waya chini ya dashibodi uangalie penye rangi inabadilika ghafla ama plastiki imeyeyuka. Na kama ndai iko na mkopo, uliza kwanza wenye tracker. Pengine haijaharibika, umezimiwa tu.

Dalili za haraka

- Inawaka ukishikilia ufunguo kwa stata, ukiachilia inadedi: kwa Toyota nyingi za enzi hii, shuku ile rilei ya pampu ama amri ya kompyuta, kwa sababu rilei hupata amri moja wakati wa stata na nyingine injini ikishashika. Swichi ya ufunguo pia inaweza kuleta hii.
- Inazima ikichemka, ikipoa inawaka: inaweza kuwa pampu iliyochoka ama rilei. Pima wakati imezima, si baada ya kupoa.
- Ukigonga tenki kwa ngumi chini na pampu inaamka: brashi za mota zimeisha. Hapo nunua.
- Fyuzi inaungua kila saa: usiweke kubwa zaidi. Tafuta waya unaogusa bodi, pima pia kama pampu inavuta stima nyingi.

Usikubali "direct"

Kuna mtu atakuambia avute waya kutoka kwa betri moja kwa moja hadi kwa pampu, uende nyumbani. Itawaka, ndio. Lakini rilei ya pampu imewekwa na sababu: injini ikisimama, inakata stima ya pampu. Ukigonga na uko direct, injini imezima lakini pampu bado inamwaga petroli, pengine juu ya eksosi yenye moto. Na waya wa direct usio na fyuzi ukisuguana na bodi, huo peke yake unaweza kuwasha gari.

Ukishanunua pampu mpya kwa haki, acha pia ile tabia ya kuweka mafuta ya soo mbili kila siku. Petroli ndiyo hupoza mota ndani ya tenki. Weka angalau robo.

Na siku ile jamaa wa spana akikuambia pampu imeungua, usimgombeze. Muulize tu: "Fundi, ilikuwa inapata volti ngapi ikiwa imechomekwa?" Akikupa nambari, mlipe. Akianza kuangalia kando, toa maltimita yako kwa buti.