Wafu wa Kolwezi hawana tarehe

Sheria ya tarehe 26 Desemba 2022 iliipa Kongo siku ya kitaifa ya kuwakumbuka wahanga wa vita: 2 Agosti. Vijana wa Kikongo wanaoishi London walikuwa wakiiadhimisha tangu 2013 kwa jina la Genocost, kwa kuwa siku kama hiyo, mwaka 1998, ndipo vita ya pili ilipolipuka Goma. Serikali iliiadhimisha rasmi kwa mara ya kwanza mwaka 2023. FONAREV, mfuko wa fidia uliotokana na sheria hiyo, unahesabu wahanga kuanzia 1993.

Kwa sisi wa Lualaba, mwaka huo una maana yake. Wakasai waliofukuzwa Kolwezi, mji mkuu wa jimbo letu, mwaka 1993, wakarundikana stesheni wakingoja treni, wamo. Waliouawa 1978 wameachwa nje.

Alfajiri ya Jumamosi, 13 Mei 1978, wapiganaji wa FNLC, kundi la waasi wa Katanga lililoongozwa na Nathaniel Mbumba, waliotoka Angola wakapitia Zambia, waliingia Kolwezi. Mwaka uliotangulia walikuwa wamefika Mutshatsha, wakarudishwa nyuma kwa msaada wa askari wa Morocco. Safari hii waliushika mji wenyewe, pamoja na migodi ya kampuni ya Gécamines. Tarehe 19 askari wa miamvuli wa Kifaransa wa kikosi cha 2e REP, chini ya Kanali Erulin, waliangushwa mjini; kesho yake wakaja Wabelgiji, kutoka kambi ya Kamina. Wenyeji waliiita vita ya siku sita.

Picha za nyumba ya P2, walimouawa Wazungu wengi kwa pamoja, zilizunguka dunia. Kufikia 1980 Ufaransa ilikuwa imeshatoa filamu ya sinema kuhusu askari wake, na hadi leo kikosi hicho huienzi Kolwezi. Waafrika waliokufa wanakadiriwa kuwa 700 hivi, wengi kuliko Wazungu mara kadhaa. Wao hakuna aliyewatengenezea filamu.

Kwa nini Kinshasa haikuwapa siku? Nadhani ni kwa sababu kesi yao haina adui mmoja. Wavamizi walikuwa watoto wa Katanga, mabaki ya jeshi la Tshombe, aliyeiongoza Katanga ilipojitenga. Jeshi la Rais Mobutu nalo lilituhumiwa kuua raia. Kisha mwaka 1997 wapiganaji hao hao, walioitwa "Tigres", waliingia pamoja na waasi wa AFDL kumng'oa Mobutu, wakahesabiwa wakombozi. Agosti ni rahisi zaidi: mvamizi alitoka nje ya mpaka.

Sioni haja ya kuivunja 2 Agosti. Lakini Lualaba ni jimbo tangu 2015, lina bunge lake, na hakuna kinachowazuia wabunge wake kuitambua 13 Mei kwa azimio la jimbo, bila kumtaja mshindi. Kabla ya hapo ziandikwe orodha: Manika, Dilala, Mutshatsha, mtaa kwa mtaa. Aliyekuwa na miaka 15 siku ile sasa amepita 60. Ukiwa na mzee wa namna hiyo nyumbani, chukua daftari umuulize majina.