Ubao wa Magurudumu na Vijana Wetu

Swali hili huulizwa siku hizi katika nyumba nyingi zenye televisheni au simu kubwa: je, vipindi vile vya Wamarekani, ambamo vijana huteleza juu ya ubao wenye magurudumu manne, wakaruka ngazi, wakaanguka, wakacheka na kuanguka tena, vinafaa kutazamwa na watoto wa umri wa miaka 13 hadi 18? Wazazi wa hapa Kyimo huniuliza kwa kuwa nilikuwa mwalimu, wakidhani kwamba mwalimu mstaafu hutembea na jibu la ndiyo au hapana mfukoni. Jibu ninalo, lakini haliingii katika neno moja, kwa sababu swali lenyewe si geni. Limeulizwa katika nchi hii kwa karibu miaka mia moja, na kila mara limevaa nguo mpya.

Mwaka 1935, huko Vugiri katika milima ya Usambara, Meja Notcutt na wenzake walianzisha jaribio la kutengeneza sinema kwa ajili ya Waafrika. Katika muda usiozidi miaka miwili walitengeneza filamu fupi zipatazo 35, zikihusu kilimo, afya, kodi na benki ya akiba ya posta, wakazitembeza kwa lori katika Tanganyika na nchi za jirani. Nia ilikuwa kuelimisha, lakini nyuma yake palikuwa na hofu. Wamisionari na maofisa wengi waliamini kwamba filamu za kibiashara, zenye ngumi, bastola na farasi wanaokimbia, zingemharibu Mwafrika, ambaye walimhesabu kuwa mtoto hata akiwa na mvi. Katika enzi hiyo palikuwa na filamu ambazo Mzungu aliruhusiwa kuzitazama na Mwafrika akazuiwa mlangoni.

Hofu hiyo haikuzuia kitu. Wanyakyusa wengi walikwenda kufanya kazi katika migodi ya shaba ya Rhodesia ya Kaskazini, na huko walizikuta filamu za wachunga ng'ombe wa Marekani, ambazo huko zilipendwa kuliko zote. Watafiti waliofika migodini miaka ya 1950 waliwakuta vijana wamevaa kofia pana na mishipi mipana, wakitembea kwa madaha kama wale wa kwenye pazia. Nilipokuwa mtoto niliwaona watu wazima waliorudi Rungwe na kofia za namna hiyo. Walizivaa kanisani wakazivua mlangoni kwa adabu, kisha wakaendelea na migomba yao. Sikumwona hata mmoja aliyempiga mtu risasi.

Lakini nisiwe mwepesi wa kuwacheka walioogopa. Wazee wetu wenyewe, kabla ya sinema, walilijua jambo hili na walilitafutia utaratibu. Monica Wilson, aliyeishi hapa Unyakyusa na mumewe Godfrey miaka ya 1930, aliandika katika kitabu chake Good Company cha mwaka 1951 jinsi wavulana wa miaka kumi hivi walivyotoka katika nyumba za wazazi wao na kujenga vibanda vyao pembeni, wakawa kijiji cha rika. Mchana walichunga ng'ombe wa baba zao pamoja. Huko malishoni ndiko walikoshindana kwa fimbo na mieleka, ndiko mwoga alikojulikana na mkaidi akatiwa adabu na wenzake. Kwa hiyo hatari ilikuwapo, tena nyingi. Tofauti ni kwamba mtoto alifanya hatari hiyo mbele ya watu wanaomjua, waliokula naye jioni, na aliyevunjika mkono walimbeba wao wenyewe. Hakuna aliyevunjika ili afurahishe watu asiowajua.

Wimbi lililofuata nililiona kwa macho yangu nikiwa kijana. Bruce Lee alifariki Julai 1973, na mwaka huo huo filamu yake ya Enter the Dragon ikatoka. Filamu za kung-fu zilipofika Dar es Salaam, katika majumba kama Empire na Avalon, vijana walitoka nje wakirusha mateke hewani. Haukupita muda mrefu tukaanza kuona hata huku milimani watoto wakifunga vipande viwili vya mti kwa kamba na kujipiga navyo visigino. Katika shule moja niliyofundisha, mvulana wa darasa la saba aliruka kutoka juu ya paa la stoo, kwa kuwa alikuwa amesimuliwa na mwenzake (hata filamu yenyewe hakuiona!) kwamba shujaa hutua kama paka. Alivunjika mguu mahali pawili. Mpaka leo huchechemea. Ni fundi seremala mzuri na ana wajukuu.

Hata hivyo, katika miaka hiyohiyo ya 1970 walimu wa karate walianza kufundisha Dar es Salaam kwa utaratibu wa salamu, nidhamu na mkanda. Teke lilelile lililomvunja mtoto huyu mguu likawa somo kwa mwingine, kwa sababu huyo alipata mwalimu aliyemwambia leo utajifunza kuanguka tu, kuruka ni mwakani. Naomba msomaji alishike hili la kujifunza kuanguka, maana nitalirudia.

Upande wa serikali njia ilikuwa moja, nayo ni kukagua na kuzuia. Sheria ya Filamu na Michezo ya Kuigiza ya mwaka 1976 iliweka bodi ya kukagua filamu kabla hazijaonyeshwa. Televisheni yenyewe Bara hatukuwa nayo; wenzetu wa Zanzibar walikuwa na ya rangi tangu miaka ya 1970, nasi tukasubiri hadi mwaka 1994 vituo vya watu binafsi, ITV kikiwamo, vilipoanza. Nilikuwa miongoni mwa waliounga mkono kusubiri huko na bado naona palikuwa na hekima ndani yake. Lakini mkanda wa video haukusubiri mtu. Mabanda yalizuka kwenye vituo vya mabasi, mahali penye jenereta na mabenchi mawili, na baadaye wakaja wafasiri waliosimulia filamu kwa Kiswahili juu ya sauti za Wazungu. Maarufu kuliko wote alikuwa Lufufu. Wengine walimdharau, mimi sikumdharau. Mtu yule alimpa mtazamaji sauti ya mtu mzima ndani ya banda, sauti inayotania, inayoonya, inayosema huyu sasa mjinga. Ndiyo sauti iliyokosekana baadaye.

Sasa nije kwenye ubao wenyewe. Mwezi Oktoba 2000 kituo cha MTV cha Marekani kilianza kuonyesha kipindi kiitwacho Jackass. Chanzo chake kilikuwa jarida la wateleza ubao lililoitwa Big Brother, na waliocheza ndani yake wengi walitoka katika mchezo huo. Walijirusha kwenye vichaka, walijigonga kwa vigari vya dukani, walijiumiza kwa makusudi, na wakacheka. Mwanzoni mwa kila kipindi liliwekwa onyo kwamba mtu yeyote asiige, na kwamba kituo hakitatazama kanda za watazamaji watakaojirekodi. Onyo hilo, kwa maoni yangu, ni ungamo. Mtu hamwonyi mtoto asiige kitu ambacho hana hakika kwamba kitaigwa. Januari 2001 mvulana wa miaka 13 katika jimbo la Connecticut aliungua vibaya alipoiga kitendo cha moto alichokiona humo, na Seneta Joe Lieberman wa jimbo hilo akapaza sauti. Kituo kikakisogeza kipindi hadi baada ya saa nne usiku. Mfululizo wenyewe haukudumu, lakini mbegu ilikuwa imeshapandwa: Viva La Bam mwaka 2003, na mwaka 2009 kipindi cha Rob Dyrdek kilichochezwa ndani ya ghala kubwa lililogeuzwa kiwanja cha kuteleza.

Hiki cha mwisho nimekitazama kwa utulivu pamoja na mjukuu wangu, na lazima niseme kweli: kilinichekesha. Tena si kiovu kama kile cha kwanza. Kasoro yake ni nyingine. Kinaonyesha kuruka na kuficha mazoezi. Mtu aliyeanza kuteleza tangu utotoni anapita juu ya kitu cha kutisha kwa sekunde nne. Lakini miaka aliyoanguka, matibabu aliyolipiwa, mafundi waliopima mteremko ule kabla yake, vyote vimekatwa na mkasi. Mtoto hubaki na sekunde nne. Anadhani ujasiri ni kutokufikiri.

Kwamba mchezo wenyewe si kosa, ushahidi uko karibu nasi. Huko Kitintale, Kampala, mwaka 2006 Jack Mubiru na wenzake walijenga kwa mikono kiwanja cha saruji cha kuteleza, na watoto wa mtaa maskini wakajifunza humo, wakubwa wakiwafundisha wadogo. Nairobi, kituo cha watoto cha Shangilia kilipata kiwanja chake mwaka 2013. Na katika Olimpiki ya Tokyo, iliyofanyika mwaka 2021, ubao uliingia kwa mara ya kwanza, na msichana wa Kijapani mwenye miaka 13, Momiji Nishiya, akachukua dhahabu. Mtoto wa miaka 13! Umri uleule wa yule wa Connecticut. Nikiwaweka wawili hawa kwenye mizani, sioni kwamba mmoja alikuwa jasiri na mwingine mwoga, au mmoja mwema na mwingine mtundu. Mmoja alifundishwa kuanguka.

Nasi tunao ubao wetu. Kule Goma watu husomba magunia kwa chukudu, kigari cha mbao cha magurudumu mawili, hata chombo hicho kimejengewa sanamu mjini. Hapa Rungwe watoto wetu huteremka vilima juu ya mashina ya migomba, na wenye bahati hutengeneza vigari vya mbao wakafunga beringi kuukuu kutoka gereji. Palikuwa na raha isiyo na madhara makubwa wakati njia zilikuwa za udongo. Sasa barabara kuu ya Mbeya kwenda Kyela inapita katikati ya Kyimo, lami imenyooka, malori ya Malawi yanateremka na mizigo, na mtoto mwenye kigari akipata mwenzake mwenye simu ya kupiga picha, mteremko wa shamba haumtoshi tena. Anataka lami. Vijana wa bodaboda nao huinua gurudumu la mbele mbele ya kamera. Mchana wa soko nimewaona wakipigiwa makofi na watu wazima.

Kwa hiyo mzazi anayeniuliza humjibu hivi. Mtoto wa miaka 11 au 12, usimwonyeshe. Hana bado kichwa cha kujua kilichokatwa. Wa miaka 15, mtazame naye, ukae hapohapo, useme maneno yako kama Lufufu. Mjukuu wangu nilimpa kazi ya kuhesabu ni mara ngapi picha inakatika kati ya mtu kuanza kukimbia na mtu kutua. Alipofika kumi na saba alinyamaza, akarudisha kipindi nyuma, akahesabu upya. Kumnyang'anya mtoto simu peke yake sioni faida yake, maana jirani anayo.

Jambo la vigari ni gumu zaidi. Nimependekeza katika mkutano wa kijiji kwamba watoto wapewe mteremko mmoja ulio mbali na lami, uliosawazishwa, na kijana mmoja mkubwa wa kuwasimamia siku za Jumamosi. Eneo tumekwisha kuliona, chini ya shamba la zamani la chai. Wazee wawili wamekubali, mmoja anasema tunawafundisha watoto uhuni kwa fedha za kijiji, na mwenyekiti amesema tuzungumze tena baada ya mavuno ya viazi.