Mafuta ya Galilaya: chunguni, taani na kwenye kidonda

Mama mmoja alitujia na chupa ndogo ya mafuta ya zeituni, aliyouziwa kwa jina la upako. Feza aliyolipa ilikuwa ya chakula cha juma zima. Watoto wake walikula sombe isiyo na mawese. Tuliona vema tutazame mafuta hayo yalikuwa nini kwa watu wa Galilaya wenyewe.

Galilaya ilikuwa nchi ya mizeituni. Musa alipobariki makabila, alimwona Asheri, aliyekaa upande ule, akichovya mguu katika mafuta. Mavuno huanza Oktoba hivi. Walipiga matawi kwa fito, na Torati ilikataza kurudia mti mara ya pili: zilizobaki zilikuwa za mgeni, yatima na mjane. Zeituni ikitoka mtini ni chungu, hailiki. Walizisaga chini ya jiwe la mviringo, wakatia rojo lake katika vikapu, wakavikandamiza kwa boriti yenye mawe mazito mwishoni. Kisha waliacha yatulie mpaka mafuta yaelee juu ya maji. Wakamuaji wetu wa mawese watalielewa jambo hili bila mwalimu. Kaparnaumu mawe meusi ya kazi hiyo yapo hata leo, na jina Gethsemane maana yake ni mahali pa kukamulia mafuta.

Mtungi ulikuwa mmoja. Mafuta yaliliwa na mkate wa shayiri na dengu, yakawasha taa, yakapakwa kwenye ngozi iliyokauka. Msamaria aliyamimina pamoja na divai kwenye vidonda, kwa sababu ndiyo dawa msafiri aliyokuwa nayo. Yakobo alipowaagiza wazee wampake mgonjwa mafuta, kila nyumba ilikuwa nayo. Yale ya Kutoka 30, yenye manemane na mdalasini, yalikuwa mengine, nayo ilikatazwa kuyaiga.

Biashara ya kuyapandisha bei kwa jina la dini nayo ni ya zamani. Katika vita na Waroma, miaka ya 66 na 67, Wayahudi wa Siria hawakutaka mafuta ya wapagani. Yohana wa Giskala, mkubwa wa mji wa Galilaya, akajipatia ruhusa ya kuwauzia peke yake. Josephus anaandika kwamba aliuza mara nane ya bei aliyonunulia. Katika kitabu chake kingine hesabu inafika mara kumi. (Josephus alikuwa adui yake, tusome kwa uangalifu.)

Kwa afya, zeituni ni mafuta mazuri; yakichukua nafasi ya siagi na mafuta ya nyama, moyo unafaidika. Lakini mti ule unataka kiangazi kirefu na majira ya baridi. Kwetu Mungu alipanda mchikichi, na wekundu wa mawese una kitu ambacho mwili hugeuza kuwa vitamini A, ya kulinda macho ya watoto. Yasichemshwe mpaka yawe meupe, maana wekundu ukipotea, faida hiyo inapotea nao.

Mama yule tulimwombea, tukamwambia aifungue chupa, aitie katika sombe. Akacheka, akauliza kama mawese hayatoshi. Tukamjibu kwamba yanatosha, ila chupa amekwisha kuilipia.